ANAYERUDI NYUMBANI APOKEWE

*Hotuba ya Kamati ya Tawi kwa wanachama wote, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa*

Hotuba hii imesomwa kwenye mkutano wa tawi. Tunaituma hapa kwa ajili ya walioko mashambani, ziwani na safarini. Tafadhali wasomeeni na wasio na simu.

Leo tunampongeza mtu asiye mwanachama wetu wala si wa mkoa wetu, kwa sababu alichofanya kinatuhusu. Anaitwa Erik Hersman. Ni mtoto wa wamisionari Wamarekani, aliyekulia Sudan na Kenya. Alipokuwa Marekani aliandika habari za teknolojia ya Afrika katika blogu yake, White African. Aliandika habari za mafundi wa mitaani na vijana wanaobuni vitu kwa mahitaji ya kwao. Kisha akaona kuandika peke yake hakutoshi, akarudi Nairobi.

Ndugu zetu, mnakumbuka machafuko ya Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Januari 2008 mwanasheria Mkenya, Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari za machafuko hayo kwenye blogu yake, aliomba wataalamu watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliitikia. Kwa siku chache wakaunda Ushahidi: mwananchi anatuma ujumbe, na tukio linaonekana kwenye ramani. Jina ni la Kiswahili, na kazi ilitoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2010 programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Mwaka huohuo Hersman na wenzake walifungua iHub, Nairobi, mahali ambapo kijana mwenye kompyuta na wazo alipata meza, intaneti na wenzake wa kushauriana nao. Mwaka 2013 wakaitambulisha BRCK, kifaa cha intaneti chenye betri inayokaa saa nane umeme ukikatika. Sisi tunaojua kukaa gizani tunaelewa thamani ya kifaa hicho.

Hapa kwetu Tanzania, Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha mwaka 2006 jukwaa ambalo leo ni JamiiForums. Kwa kazi hiyo Melo alifikishwa mahakamani, na mwaka 2019 akapewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari. Kwa hiyo tusidhani kazi hii ni ya kuchezea simu. Ina gharama zake.

Sasa tuseme ya nyumbani. Vijana wetu wanasoma Songea, Dar es Salaam na Dodoma, wanajua kompyuta, wanajua kuandika habari. Mmoja akirudi Maguu au Liuli, kijiji kinasema, "Kashindwa mjini." Mzazi anaona aibu. Baada ya miezi miwili anapanda basi tena, na ujuzi unaondoka naye. Hasara hiyo ni yetu sote.

Na kazi ipo. Mkulima wa kahawa anapeleka mzigo AMCOS, kisha anasubiri kusikia bei ya mnada kutoka kwa mtu aliyesikia kwa mwingine. Mvuvi wa Mbamba Bay anaingia ziwani usiku, na upepo wa Mwera ukichafuka mke wake hajui amwulize nani. Kama ujumbe wa simu uliweza kuonyesha hatari Nairobi, unaweza kuonyesha hatari Lituhi. Barabara ya lami sasa inatoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Habari nazo zipate njia yake.

Tusijidharau pia. Wazee wetu Wamatengo walibuni ngoro, wakapanga nyasi katika miraba na kuchimba mashimo yanayozuia maji kubomoa udongo mlimani. Hakuna aliyewafundisha kutoka nje. Ile nayo ni teknolojia, na bado inalisha watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne:

1. Kila shina liandike majina ya vijana wa eneo lake waliorudi, na ujuzi walio nao. Majina yapelekwe kwa katibu wa tawi, yasirushwe kwenye kundi hili.

2. Ofisi ya tawi iwe wazi siku mbili kwa wiki, vijana wapate meza na umeme. Asiulizwe mtu kadi ya chama mlangoni.

3. Wanaojua kuandika waanze na bei ya kahawa na hali ya ziwa. Wathibitishe kwanza ndipo watume. Uvumi wa bei humtia mkulima hasara, na uvumi wa hali ya hewa huua.

4. Kijana akikosoa uongozi, tukiwemo sisi, ajibiwe kwa hoja. Tukimpokea ili atusifu tu, hatujampokea.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu si mgeni hata kidogo, ni mtoto wetu. Tumpe nafasi afanye kazi.

Wafikishieni na wengine.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi*