Mkutano kabla ya ripoti

Tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira nchini Kenya ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Wengi walishangilia kushindwa kwa makaa. Mimi nawaomba, wasikilizaji, tuitazame sababu ya uamuzi huo.

Mikutano ya wananchi ilifanyika, ndiyo, na watu walihudhuria, lakini kabla ya utafiti wa athari za mtambo kukamilika. Ripoti ilipotoka, wananchi hawakurudiwa ipasavyo. Mvuvi wa Lamu angesema nini kuhusu maji moto ya mtambo ambayo yangemwagwa baharini, pale pale anapotafuta kaa na kamba, ikiwa hakuna aliyemweleza yatakuwa na joto kiasi gani wala yatafika wapi?

Kumwita mtu barazani, kumpa soda na kumwandika jina hakutoshi. Katiba ya 2010 inadai ushiriki wa kweli. Na hili si la makaa pekee: miradi ya upepo na jua nayo inataka ardhi ya watu. Ripoti isomwe kijijini kwa Kiswahili, maswali yajibiwe, ndipo leseni itiwe sahihi.