Aiskrimu ya Nyumbani: Baridi Hutayarishwa Jana



Ndugu zangu vijana, na nyinyi mama zangu na baba zangu mnaosoma nyumbani. Mazungumzo haya niliyatoa mwezi wa Shaabani mbele ya vijana waliokusanyika baada ya swala ya alasiri, nikaombwa niyaandike ili na wale ambao hawakuja wapate. Nimeyaandika vile vile nilivyoyasema, nimepunguza vicheko tu.

Mada niliyopewa ni mashine ya stima ya kutengenezea aiskrimu nyumbani. Najua wapo walionong'onezana, "Huyu mama badala ya kutuambia ya Ramadhani anatuletea aiskrimu." Sawa. Lakini nyinyi wenyewe ni mashahidi. Tukitoka tarawehe joto la Mombasa bado lipo pale pale, watoto wanataka kitu cha baridi, na wageni wamejaa barazani. Na mashine zenyewe zimeshaingia majumbani. Watu wananunua, wanatumia mara mbili, mara ya tatu inapandishwa juu ya kabati karibu na masufuria ya arusi. Nataka nikwambie kwa nini inapandishwa kabatini. Na baadaye nina jambo langu mwenyewe la kukiri, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuja kusema.

Kwanza ujue ulichokinunua. Mashine nyingi tunazoziona huku hazitengenezi baridi hata kidogo. Ni mota ndogo na kikorogeo, basi. Baridi iko ndani ya bakuli. Lile bakuli lina kuta mbili, na katikati ya kuta mna maji maalumu ambayo unayagandisha kwenye friza kabla ya siku ya kazi. Zipo nyingine za bei kubwa zenye kompresa yake ndani kama friji, hizo unawasha tu na kuanza, lakini hizo si za mfuko wa kila mtu. Nami leo nasema na yule mwenye bakuli.

Sasa, bakuli hili linataka saa 24 ndani ya friza iliyofika nyuzi 18 chini ya sifuri. Si saa tatu, wala si "nimeliweka asubuhi". Na kile kisanduku cha barafu kilicho juu ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja, mara nyingi hakifiki baridi hiyo hata ukikibembeleza. Njia ya kujua ni rahisi. Litoe, litikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, lirudishe, siku yake bado. Mimi mara ya kwanza sikutikisa. Nilikuwa na wageni wa futari, nikajigamba tangu asubuhi, mashine ikazunguka dakika arubaini, na tulichokunywa kilikuwa maziwa ya iliki yenye baridi. Shemeji yangu mpaka leo akija huuliza kama kuna "supu ya aiskrimu".

Kwa nini basi tusimwage maziwa kwenye kopo tukayatia friza yakagande yenyewe? Jaribu, utapata jiwe. Maji yaliyomo ndani ya maziwa yakiganda polepole na kwa utulivu, chembe zake za barafu huwa kubwa, ndizo zile zinazokwaruza ulimi. Yakiganda haraka huku yanakorogwa, chembe huwa ndogo mno, ulimi hauzihisi. Na kikorogeo kinaingiza hewa, ndiyo maana aiskrimu huwa laini na huongezeka ukubwa. Kwa hiyo usijaze bakuli. Thuluthi mbili zatosha, la sivyo itapanda na kumwagika mezani.

Kabla ya mabakuli haya watu walitumia barafu na chumvi. Ukichanganya barafu mafungu matatu na chumvi fungu moja, baridi huweza kushuka mpaka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sababu chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka na ikiyeyuka hunyonya joto la kilicho karibu nayo. Bibi mmoja wa Marekani, Nancy Johnson, aliandikisha mashine yake ya kuzungusha kwa mkono ya namna hiyo mwaka 1843. Ile yenye mota juu ya ndoo ya barafu bado inauzwa. Na Damascus, katika soko la al-Hamidiyah, wanaitwanga aiskrimu yao kwa michi mirefu ya mbao, wakaitia mastiki na sahlab mpaka ikavutika kama ubani wa kutafuna. Hata lile neno la Wazungu la barafu ya matunda, sorbet, asili yake ni hii hii sharbati yetu. Haya, turudi jikoni.

Kipimo changu ni hiki: maziwa nusu lita, malai au krimu nzito robo lita, sukari gramu 150, unga wa kastadi vijiko viwili vya mezani, iliki punje sita zilizotwangwa, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Kama malai ni ghali mwezi huo, ongeza maziwa na utie maziwa ya unga vijiko vinne, haitakuwa ile ile lakini watoto hawatalalamika. Koroga kastadi kwenye maziwa baridi kidogo, mengine uyateleke na sukari na iliki, kisha umimine na ukoroge mpaka yachemke na kuwa mazito. Malai utie mwisho, yapate moto pamoja na mengine. Na kama maziwa yako ni yale ya kuletewa mlangoni kwenye dumu, usiyaamini, yachemshe sawasawa kwanza.

Utaniuliza kuhusu mayai. Wapo wanaotumia viini, na kweli ladha hunoga. Lakini yai bichi ndani ya aiskrimu ni hatari, kwani vijidudu vya tumbo haviuliwi na baridi. Ukitaka mayai, yapike na maziwa mpaka yafike nyuzi 71 au zaidi, yaani yashike mgongo wa kijiko. Mimi nimechagua kastadi kwa sababu haina yai, na haidai kipimajoto. Tena inakuepusha na jelatini. Ile ya unga wa dukani, kama pakiti haisemi imetoka kwa mnyama gani na alichinjwa vipi, kwa nini ujitie shakani? Na vanila ya maji angalia chupa, nyingi hutengenezwa kwa alkoholi. Iliki haina mjadala. Zafarani nayo, ukiwa na mgeni unayemheshimu sana.

Jambo moja la Ramadhani hasa: mchanganyiko huu ukiupika mchana umefunga huwezi kuuonja kwa raha. Wako wanaogusa ncha ya ulimi na kutema, na suala hilo waulizwe wanavyuoni, si mimi. Mimi napima kwa mizani nikalala. Na usishangae mchanganyiko ukiwa mtamu kupita kiasi ukiwa moto. Baridi hupunguza utamu mdomoni. Tena sukari ina kazi ya pili, ndiyo inayoizuia aiskrimu isigeuke mwamba. Ukiipunguza nusu kwa ajili ya babu mwenye kisukari utapata kitu kigumu ambacho babu hawezi kukitafuna, na bado kina sukari. Heri umpe babu kijiko kimoja cha ile ya kawaida, kama daktari wake amemruhusu.

Ukiipua, weka sufuria ndani ya beseni la maji na barafu, koroga mpaka joto litoke, kisha funika na utie ndani ya friji ilale humo. Hapa ndipo wengi wanapokosea mara ya pili. Bakuli wameligandisha vizuri, halafu wanalimwagia mchanganyiko wa vuguvugu! Baridi yote ya bakuli inaishia kupooza maziwa, ya kugandisha haibaki.

Kwa hiyo mimi hupika usiku baada ya tarawehe. Kesho yake, saa kumi na nusu baada ya alasiri, natoa bakuli likiwa kavu, nalipachika, nawasha mashine kwanza, kisha ndipo namimina. Kwanza kuwasha, usisahau. Ukimimina kabla ya kuwasha, maziwa yanagandia ukutani papo hapo na kikorogeo kinakwama, mota inalia kama mbuzi. Dakika 20 hadi 30 inatosha. Itakuwa laini, ya kuchoteka, si ngumu, usingoje iwe ngumu humo ndani. Ukiiacha kupita kiasi malai yanaanza kuwa siagi, utaona vipunje vya manjano. Ichote kwa kijiko cha mbao au plastiki, chuma hukwaruza bakuli, uitie kwenye kopo lenye mfuniko, iingie friza. Baada ya saa nne, tukirudi tarawehe, iko tayari.

Kwa tende: gramu 150 zilizotolewa kokwa, ziroweke kwenye maziwa ya moto, uzisage kwa blenda, na sukari uipunguze iwe gramu 70. Kwa embe, ngowe au boribo, maana hayana nyuzi nyuzi, saga vikombe viwili hivi na upunguze maziwa kwa kiasi hicho, lakini embe litie mchanganyiko ukishapoa, usilipike na maziwa yakakatika. Na tui la kwanza la nazi mbili kubwa, lenye sukari na iliki, halihitaji malai kabisa. Kwangu hilo ndilo bora kuliko yote, ila nina upendeleo, nimekulia kwenye minazi.

Kuhusu stima, mota yenyewe haili kitu. Nyingi hazizidi wati 50 hivi, nusu saa ni sehemu ndogo sana ya uniti moja. Anayekula ni friza. Lakini mashine uliyoletewa na jamaa kutoka Marekani isomwe chini kabla ya kuchomekwa. Kwao ni volti 120, kwetu ni 240. Jirani yangu aliiwasha bila kusoma, ikatoa moshi kabla maziwa hayajaingia, na zawadi ya dada yake ikaishia hapo.

Sasa lile la kukiri.

Idd moja, miaka kadhaa nyuma, nilitengeneza lita sita. Nilikuwa na mabakuli mawili, nikafanya kazi siku nne za kumi la mwisho, nikajaza friza. Usiku wa kuamkia Idd stima ikapotea. Ikarudi alfajiri. Nilipofungua, makopo yote yalikuwa maziwa, na si maziwa baridi. Nikasimama pale na kanga ya kuswalia begani, nikahesabu malai niliyonunua, nikajiambia kuyamwaga ni israfu, na siku tukufu kama hii. Nikayarudisha kwenye mashine yakakorogwa upya. Yalipendeza. Wallahi yalipendeza kuliko ya mwanzo.

Kabla ya alasiri watoto wanne walikuwa wanatapika. Mmoja, wa dada yangu, hakuwa ametimiza miaka mitatu, macho yalizama na hakuwa na machozi ya kulia. Tulimkimbiza hospitali, akawekewa maji ya mshipa, tukakesha naye. Alhamdulillah alipona. Dada yangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Daktari alinieleza kwa upole. Baridi haiui vijidudu, huvilaza tu. Maziwa yenye sukari yakipata joto usiku kucha, vinaamka na kuzaana, na vingine vinaacha sumu ambayo hata ukichemsha tena haiondoki. Kwa hiyo aiskrimu iliyoyeyuka ikakaa na joto zaidi ya saa mbili haigandishwi tena, haichemshwi, humwagwa. Friza iliyojaa pomoni na isiyofunguliwa huweza kuhifadhi baridi siku mbili hivi, iliyojaa nusu siku moja. Yangu nilikuwa nikiifungua kila mara usiku ule kuangalia, na ndiyo iliyomaliza baridi yenyewe. Nimefikiri sana juu ya neno israfu. Niliifanya nilipotengeneza lita sita ndani ya nyumba isiyo na jenereta. Siku hizi natengeneza ya kuliwa usiku ule ule, na ikibaki ni ya kesho.

Msichana mmoja aliniuliza mwishoni kama anaweza kuuza. Anauza barafu za ukwaju na za ubuyu mlangoni kwao, anataka kupanda daraja apate karo ya chuo. Nilimwambia anaweza, ila ahesabu vizuri. Bakuli moja hutoa lita moja na kidogo, halafu linarudi friza mpaka kesho, kwa hiyo anahitaji mabakuli mawili au matatu kabla hajafikiria faida. Anahitaji leseni ya kaunti na cheti cha afya cha anayeshika chakula. Na aandike tarehe kwenye kila kopo, kwa kalamu isiyofutika. Akaniuliza, "Na stima ikipotea, mama?" Nikamwambia aweke kopo dogo la maji yaliyoganda ndani ya friza, na juu ya barafu ile aweke shilingi moja. Akirudi akaikuta shilingi imezama chini, basi baridi iliondoka na barafu iliyeyuka hata kama sasa imeganda tena, na vilivyomo humo asimuuzie mtu.