Swali Lishikike

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, umepewa kazi kuhusu Vita vya Maji Maji na mkono umeshakimbilia simu. Subiri kidogo. Mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakaketi na wazee, wakaandika masimulizi ya vita hivyo vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani.

Nawe ukiwaendea wazee, usiulize, "Maji Maji ilikuwa nini?" Swali pana hivyo halishikiki. Uliza: katika kijiji hiki, maji ya dawa yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi yaliletwa na nani, na kwa nini aliaminiwa? Kisha linganisha simulizi la mzee na ripoti ya Mjerumani. Zikigongana, usifute moja. Chimba hapo hapo. Na chanzo kiandike papo hapo jamani, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya!