Vijana Wetu Wakiitwa, Tutajibu Nini?

(Mazungumzo ya kamati ya maendeleo na viongozi wa vikundi)



Leo tumekuja na jambo ambalo ninyi wenyewe mmetuuliza. Kila tunapotembelea vikundi, tukishamaliza hesabu ya mchango na habari za mbuzi wa maziwa, hakosi mzee mmoja wa kusimama na kusema: "Hawa vijana wa siku hizi, serikali ingewachukua wote kwa nguvu iwapeleke jeshini. Wangenyooka!" Na watu hupiga makofi. Tena redio inatuambia nchi za Ulaya zimeanza kurudia mambo hayo. Sweden iliacha kuwaita vijana jeshini mwaka 2010, ikarudisha mwito huo 2017. Sasa tuulizane: likija kwetu tutasema nini?

Kwanza tuelewane. Hapa Kenya hakuna sheria inayomlazimisha kijana kuingia jeshini. Anayeingia huingia kwa kupenda. Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile NYS iliyoanzishwa 1964, nayo ni ya kuomba nafasi. Lakini nyumba huezekwa kabla ya mvua, ndiyo maana tunazungumza mapema.

Tuanze na babu zetu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika Afrika Mashariki. Magari yalikuwa machache, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Basi mizigo ikawekwa juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilikaza kamba, wanaume wakakusanywa kwa wingi kupitia machifu. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wataalamu wengi husema walikuwa wengi kuliko hao. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na chakula kibaya. Jina la Kariokor hapa Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi. Tunanunua vikapu pale, wala hatukumbuki.

Je, kanisa lilifanya nini? Mwaka huo wa 1917, wamisionari wa Kikuyu walijua watu wao watachukuliwa tu. Wakaunda kikosi chao, kikaongozwa na daktari wa misheni, John Arthur. Hawakuweza kuzuia vita. Lakini watu hao walitunzwa na mtu aliyewajua, na waliokufa walikuwa wachache kuliko katika vikosi vingine. Fundisho la kwanza ni hilo: mwenye mtu wa kumsemea hurudi nyumbani. Asiye na wa kumsemea huhesabiwa tu, na pengine hata kuhesabiwa hahesabiwi.

Sasa tuvuke mpaka, twende Tanzania, kwa sababu huko mwito ulikoma, kisha ukarudi. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 likafanywa la lazima kwa waliosoma. Kijana alitakiwa kutumikia miaka miwili: miezi ya kwanza kambini, na ile 18 iliyobaki akiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Lakini yeye naye akakata mshahara wake kwa asilimia 20. Tunalitaja hilo kwa sababu kiongozi anayewadai watoto wa wenzake jasho, na aonyeshe lake.

Utaratibu huo ulisimamishwa 1994, uchumi ulipokuwa mbaya. Ukarudishwa 2013. Na wanaoitwa kwa mujibu wa sheria ni akina nani? Ni waliomaliza kidato cha sita. Aliyeishia darasa la saba haitwi. Akitaka kuingia, ataomba kwa kujitolea, na nafasi hazitoshi wote.

Na sisi Kenya tulikuwa na yetu. Kuanzia 1984 hadi 1990, waliopata nafasi ya chuo kikuu walilazimika kupitia NYS kwanza. Wengine wenu mlipeleka watoto. Wako wanaosema waliyafurahia: mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini walivaa nguo moja, wakala sufuria moja, kabila hili na lile. Jambo hilo ni jema, hatulikatai.

Lakini jamani, tutazame vizuri. Yule kijana tunayemlalamikia, anayeshinda pale sokoni akicheza karata tangu asubuhi, mwito huo ulimfikia? Haukumfikia. Nchi hizi mbili, zilipolazimisha, zilimwita yule aliyekwisha shika njia. Aliyekosa karo alibaki palepale. Wakati wa vita mambo yaligeuka: Kariakoo haikuuliza cheti. Basi msifikiri kwamba jeshi la lazima ni dawa ya kijana aliyekosa kazi. Huyo hana ugonjwa wa nidhamu. Amekosa kazi, amekosa ufundi, na shamba la babake limegawanywa likawa vipande vya kupanda sukuma tu.

Na adabu? Adabu ya kuogopa sajini huisha siku kijana anaporudi nyumbani. Tunawaheshimu askari wetu sana, na wengine ni watoto wa makanisa haya. Lakini kumlea mtoto ni kazi yetu. Tusiitupe mlangoni kwa serikali.

Liko pia jambo la dhamiri. Ndugu zetu Marafiki, walioanza kazi Kaimosi 1902, hufundisha kwamba Mkristo asichukue silaha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema sheria ziwafikirie wale ambao dhamiri inawakataza silaha, mradi wakubali kuwatumikia watu kwa njia nyingine. Katiba yetu ya 2010 inalinda dhamiri katika kifungu cha 32, na kifungu cha 30 kinakataza kazi ya kulazimishwa. Hivyo anayekataa bunduki asiitwe mwoga. Mpeni jembe, au kazi ya hospitali, mtaona ni mwoga au siye.

Msimamo wetu ni huu. Huduma ya vijana ni nzuri ikiwa ya hiari, ikiwa na nafasi nyingi, ikiwafungulia mlango waliokosa shule, na ikimrudisha kijana akiwa na ufundi mkononi. Ya kulazimisha hatuiungi mkono. Na ikiletwa Bungeni, katiba inataka wananchi washirikishwe. Msikae nyumbani siku hiyo mkangoja kusimuliwa. Nendeni, mseme, mwandike.

Kabla hatujaomba, kila kikundi kijadili maswali haya, na katibu aandike majibu:

1. Katika kijiji chetu, ni vijana wangapi hawana kazi wala ufundi? Tuwataje kwa majina, tusiseme "wengi" tu.

2. Kijana mmoja akiondoka nyumbani miaka miwili, nani atachota maji, nani atalima, nani atamtazama nyanya?

3. Je, mtoto wa mwenye pesa angeitwa pamoja na wetu? Tungejuaje?

4. Kikundi chetu chaweza kumfundisha kijana mmoja nini mwaka huu, kwa pesa tuliyo nayo kwenye sanduku?

Swali la nne ndilo gumu. Yule mzee anayesimama kila mkutano, tunamwomba alijibu yeye kwanza.

Mungu awabariki.