Udongo ni Chakula cha Mchicha, Si Chako
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari)

Leo nina swali moja tu: kati yako na mchicha, nani anakula udongo? Msicheke! Wapo wasichana wenye kipande cha udongo mfukoni, ule unaouzwa sokoni, na wanautafuna hata darasani.

Tuanze na mchicha. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa. Lakini madini hauwezi kuyatengeneza. Huyafyonza ardhini kwa vinyweleo vya mizizi, yakiwa yameyeyuka katika maji. Mojawapo ni madini ya chuma. Mmea ukiyakosa, hushindwa kutengeneza rangi ya kijani na majani machanga huwa manjano.

Wewe je? Huna mizizi. Chuma unakipata kwa kula mmea, au kwa kula mnyama. Mwili hukitumia kutengeneza ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Kikipungua unachoka ovyo, moyo unakwenda mbio ukipanda mlima kidogo, unasinzia kipindi cha hesabu. Watu wanasema mvivu, kumbe huna damu ya kutosha! Wasichana mko hatarini zaidi kwa sababu ya hedhi. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kama miligramu 15 za chuma kwa siku, mvulana 11.

Sasa, hamu ya kula udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua mwilini. Lakini kuula si dawa. Udongo unaweza kuzuia chuma cha chakula kisiingie kwenye damu, tena unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Na wale wanaosema soda nyekundu inaongeza damu? Hiyo ni rangi na sukari tu, chuma hamna.

Basi ufanye nini?

Kwanza, kula maharage, mchicha na matembele, na pamoja navyo kamulia ndimu au kula pera au chungwa. Vitamini C husaidia chuma cha mimea kifyonzwe. Ukipata dagaa, nyama au maini, vizuri zaidi, maana chuma chake huingia mwilini kwa urahisi.

Pili, usinywe chai pamoja na mlo. Subiri kama saa moja hivi.

Tatu, vaa viatu na tumia choo. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu, kisha hunyonya damu tumboni.

Nne, kama una hamu ya udongo au unachoka bila sababu, usione aibu. Nenda kituo cha afya uombe kupimwa wingi wa damu. Ni tone moja tu kidoleni. Msichana wa miaka 15 au zaidi asiye na mimba akikutwa chini ya gramu 12 kwa mililita 100, ana upungufu wa damu, na dawa ipo.

Na ninyi wavulana, mkimwona mwenzenu anatafuna udongo, msimcheke. Mwambieni akapime.

Haya, nani ana swali?