Fedha za Elimu na Mtoto wa Mfugaji



Mwaka 1974, huko Musoma, Chama kiliazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Azimio halikubagua mtoto wa mkulima na wa mfugaji. Lakini katika bonde la Usangu, Mbeya, na Pawaga, Iringa, mtoto wa Kibarabaigi au wa Kimasai huhama na mifugo kufuata malisho.

Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ilikadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Fedha hufuata daftari. Asiyeandikishwa hana fungu. Aliyehama hubaki jina tu.

Wafugaji walipoondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi wakaelekea Lindi, hesabu iliyovuma ilikuwa ya ng'ombe. Watoto je?

Basi kila serikali ya kijiji na iorodheshe watoto wa vitongoji vyote, wakiwemo wa maboma. Kamati za shule zikague mahudhurio na matumizi ya ruzuku, na mtoto ahamapo, hati yake ya uhamisho imtangulie.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto ni zaidi ya mali.