Deni Lihamishwe Lini?

Maneno waliyosomewa wanachama katika mkutano wa Lumakanda



 Jambo tulilowaitia ni moja tu, nalo ni deni. Wengi wenu mmetuletea hati zenu za mshahara mkauliza: "Nimeambiwa naweza kuhamisha deni langu mpaka mahali penye riba ndogo, au pasipo riba kabisa. Je, nikubali?" Jibu letu si ndiyo wala si hapana. Nasi twawauliza: mtahamisha lini, na kwa hesabu gani?

Hapa Lugari deni si mgeni. Wazee waliogawiwa mashamba ya serikali katika miaka ya 1960 walipewa shamba pamoja na deni lake, la kulipwa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5 kwa mwaka. Lilikuwa zito, lakini mzee alijua anadaiwa na nani na kiasi gani. Siku hizi mfanyakazi aweza kuwa na madeni manne ndani ya simu yake, asijue jumla yake. Basi kazi ya kwanza ni kuyaandika yote katika karatasi moja.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mkopo wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada hiyo huonekana ndogo kwa sababu ni ya mwezi mmoja. Chukua deni la Sh. 30,000. Mtu akilipunguza kwa Sh. 5,000 kila mwezi, na salio akalikopa tena kwa ada ileile, katika miezi sita atatoa ada ya Sh. 7,875. Deni hilohilo likihamishiwa kwenye Sacco kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, riba yote ya miezi sita ni Sh. 1,050. Tofauti ni Sh. 6,825. Kuhamisha deni namna hiyo kuna faida, na anayechelewa anapoteza fedha kila mwezi.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwenzetu amebakiwa na deni la Sh. 200,000 katika Sacco, miezi 12 tu kwisha. Riba iliyobaki ni Sh. 13,000. Anakuja mtu wa benki amwambia, "Tutalinunua deni lako, ulipe polepole kwa miezi 48." Hata riba ikiwa ni ileile ya asilimia 1 kwa mwezi, atalipa Sh. 49,000. Yeye anafurahi kwa kuwa makato ya kila mwezi yamepungua. Ndugu, makato madogo si deni dogo. Ulizeni daima: jumla nitakayolipa mpaka mwisho ni ngapi, pamoja na ada ya kufungua mkopo, bima, na faini ya kumaliza deni la zamani mapema?

Wengine wana watoto ng'ambo ambao husifu kadi za mkopo za huko. Ni kweli, Uingereza kuna kadi za kuhamishia deni ambazo hazitozi riba kwa miezi kadhaa. Lakini mara nyingi hutozwa ada mwanzoni. Mathalan, deni la pauni 1,000 kwa ada ya asilimia 3 huwa pauni 1,030. Kama muda ni miezi 12, hapana budi kulipa karibu pauni 86 kila mwezi. Anayelipa pauni 25 tu atafika mwisho wa muda deni kubwa likiwa bado lipo, na riba ya kawaida, ambayo ni kali, itaanza. Akikosa kulipa kwa wakati, aweza kunyang'anywa nafuu hiyo.

Kadi za benki za hapa Kenya nazo zina siku za bure, lakini kwa kawaida siku hizo ni za bidhaa ulizonunua, tena ukilipa salio lote kwa wakati. Ukitoa fedha taslimu kwa kadi ili ulipe deni la simu, gharama huanza mara moja. Hapo hukuhamisha deni, umeongeza la pili.

Basi lini? Sisi twaona hivi. Siku za bure na miezi ya nafuu huhesabiwa tangu siku ya kwanza, hazikungoji upate fedha. Kwa hiyo usihamishe deni ukiwa huna kitu, bali wakati ambapo waweza kuanza kulipa mwezi uleule. Mwenye shamba la mahindi hapa Lumakanda aanze baada ya mavuno ya mwisho wa mwaka, akiisha kutenga karo ya Januari na mbolea ya Machi. Asiye na shamba aanze pale makato mengine yanapokwisha katika mshahara wake. Wala usingoje mpaka deni lichelewe, maana jina likishaandikwa vibaya, hakuna wa kukupa masharti mazuri.

Kumbukeni pia sheria ya kazi ya mwaka 2007. Makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Mwenye Sh. 30,000 lazima abakiwe na Sh. 10,000. Theluthi hiyo ni chakula cha watoto. Msikubali mtu yeyote awaonyeshe njia ya kuizunguka.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Tumewaona wenzetu waliohamishia deni la simu kwenye Sacco, wakapumua, na kabla ya mwezi kwisha wakakopa tena kwa simu ileile. Waliposhindwa, waliokatwa mshahara ni wadhamini: mpishi wa shule, dereva, mfagiaji, watu ambao hawakula hata senti ya mkopo ule. Hilo huvunja urafiki, na huvunja chama. Basi siku unapohamisha deni, funga mlango wa zamani siku hiyohiyo. Usipoweza kuufunga, usiwaombe wenzako saini.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kuhamisha ni kubadili njia tu, safari bado ni yako. Njooni ofisini na karatasi zenu kabla ya kutia saini, tupige hesabu pamoja. Kuuliza hakulipiwi ada.